Je, Wajua? Pesti ya Prosesa Kazi Yake ni Kufukuza Hewa

Je, wajua kwamba nyufa za ngozi ya tembo unayemwona kando ya barabara kuu, ndani ya Hifadhi ya Mikumi, zina kazi? Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walieleza kuwa nyufa hizo ndogo hushika maji mara 5 hadi 10 zaidi ya ngozi ambayo ingekuwa tambarare. Tembo hatoki jasho kama sisi, hivyo maji na tope vinavyobaki humo humsaidia kupoa.

Ukiingia steshenari ya Mikumi mjini au Kilosa, kompyuta inayochapa barua pale nayo ina nyufa, ila hizi ni za hasara. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, hupata joto ikifanya kazi, hivyo hukandamizwa na kipoozeo, yaani kile kipande cha aluminiamu au shaba chenye mapezi na feni. Nyuso zote mbili zinang'aa, lakini kwa hadubini ni mabonde na vilima. Zikikutana zinagusana kwenye vilele tu, na mabondeni hubaki hewa. Ukipima uwezo wa kupitisha joto kwa wati kwa mita kwa kelvini, shaba ina karibu 400. Hewa ina 0.026 tu.

Hapo ndipo inapoingia pesti, yaani uji mzito unaopakwa kati ya prosesa na kipoozeo. Nyingi ni mafuta ya silikoni yaliyochanganywa na unga laini wa oksidi ya zinki au ya aluminiamu. Lakini je, wajua kwamba pesti yenyewe si hodari kihivyo? Nyingi hazifiki 10 kwa kipimo kilekile. Inaishinda hewa kwa mbali, na yenyewe inashindwa na shaba kwa mbali. Ndiyo maana fundi anayeipaka nene kama siagi kwenye mkate anajenga ukuta. Tone la ukubwa wa punje ya mbaazi, katikati ya prosesa, linatosha. Skrubu zikikazwa kwa mshazari, kidogo kidogo, zitalitandaza zenyewe.

Joto la bondeni Kilosa nalo huhesabiwa. Chumba kikipanda kutoka nyuzi 24 hadi 34, prosesa inayofanya kazi ileile hupanda takribani nyuzi 10 hizohizo. Ikikaribia 100, nyingi hupunguza kasi zenyewe. Ikizidi, mashine inazima, na mteja yuko katikati ya kujaza fomu ya mkopo wa chuo. Mara nyingi kosa ni vumbi kwenye mapezi, kwa hiyo pulizia kwanza kabla ya kulaumu pesti.

Dawa ya meno? Inafanya kazi, kweli, kwa muda mfupi. Ina maji, na maji yakikauka hewa inarudi palepale.

Je, wajua kwamba pesti iliyozeeka inaweza kung'oa prosesa? Kwenye prosesa za AMD za soketi ya AM4, zenye pini chini, kipoozeo kikivutwa kwa nguvu hutoka nayo na pini hupinda. Washa mashine dakika chache pesti ilainike, izime, chomoa waya wa umeme, kisha zungusha kipoozeo taratibu kabla ya kukiinua. Ukishakiinua, futa pesti yote kwa spiriti na upake mpya, hata kama ya zamani bado ni mbichi, maana itakuwa imeshaingiza mapovu ya hewa.

Na ukinunua kipoozeo kipya, bandua kwanza nailoni iliyobandikwa kwenye kitako chake. Wapo wanaopaka pesti juu yake.