Je, Wajua? Kinachochelewesha Kompyuta Kuwaka ni Diski
Kompyuta ya zamani ikichukua dakika kadhaa kuwaka, mara nyingi prosesa haina kosa. Ndani ya kompyuta hiyo mna diski ya sumaku inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa chake cha kusomea hukimbia huku na huko kikitafuta maelfu ya mafaili yaliyotawanyika. Kila mruko hula takriban milisekunde 10!

Kwenye Windows 10, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya Startup, uzime programu zinazojiwasha bila kuombwa. Ya kuzuia virusi iache. Nafuu kubwa zaidi, tena kwa mbali, ni fundi kukuwekea diski ya SSD, isiyo na kinachozunguka. Kabla hajaigusa kompyuta, nakili picha na nyaraka zako zote kwingine.