Nyumba imependeza, pesa iko wapi?

Kutoka Soko la Kongowea hadi fleti za Nyali ni safari fupi ya tuktuk. Pazia, shuka, mazulia na mito hupita njia hiyo kila siku, na nyumba iliyokuwa tupu asubuhi, jioni inang'aa, tayari kupigwa picha na kutafutiwa mpangaji, mnunuzi au wageni wa Airbnb. Vitu vinafika upesi. Pesa ndiyo inayochelewa kurudi upande huu wa barabara.

Kama unapamba nyumba za watu kabla hazijauzwa au kupangishwa, bila shaka umeshaambiwa maneno haya: "Wewe pamba tu, nikipata mpangaji nakulipa." Yanasikika ya haki. Lakini ukiyakubali, umegeuka mshirika wa mwenye nyumba bila kupewa sehemu ya faida yake. Nyumba inaweza kukaa miezi mitatu bila mtu, na sababu zisikuhusu hata kidogo: kodi imewekwa juu mno, lifti imekufa, au mpangaji ameonja maji ya kisima akakuta ni ya chumvi akaondoka. Kazi yako ilikuwa kupamba. Umepamba. Malipo yako yafuate tarehe, yasifuate bahati ya nyumba.

Tuanze na arbuni, yaani malipo ya kwanza. Wengi wana mazoea ya nusu kwa nusu, na hapo ndipo hesabu hupotea. Tuseme kazi nzima ni shilingi 70,000. Pazia, shuka na mito ya kununua zitakula 28,000, pikapu na vibarua 7,000, fundi wa kufunga vyuma vya pazia 4,000. Jumla 39,000 zinatoka kabla mteja hajaona chochote. Ukichukua nusu, yaani 35,000, tayari umemkopesha 4,000, na hujajilipa hata senti. Kwa hiyo usiulize "nusu ni ngapi?" Uliza "mfukoni mwangu zitatoka ngapi?" Arbuni isiwe chini ya hapo. Katika mfano huu tungeomba 40,000, na gari lisipakiwe kabla haijaingia.

Kuna tofauti nyingine inayosahaulika, nayo ni ya vitu vyenyewe. Sofa, meza, zulia na taa ya kusimama ni vyako, umevikodisha. Mambo yakiharibika unaweza kudai urudishiwe. Pazia lililokatwa kwa kipimo cha dirisha la mteja ni habari nyingine. Hata ukilipata tena, dirisha la nyumba ijayo lina kipimo chake, na hilo pazia litakaa stoo mpaka liingie vumbi. Kitu chochote kinachokatwa, kushonwa au kugongwa ukutani kwa ajili ya nyumba moja kinunuliwe kwa pesa ya mteja, si kwa pesa yako. Na vile vya kukodisha viwe na muda: wiki nne, kwa mfano, na kila wiki ya ziada ina bei yake. Bila hivyo sofa lako litageuka kuwa sofa la nyumba, na siku ukilihitaji kwa kazi nyingine utakuta mgeni amelala juu yake.

Baki je, ilipwe lini? Hapa tuna msimamo: kabla ya mpiga picha kuingia. Si baada ya picha, si "wikendi hii". Fikiria mteja anachonunua kwako. Hanunui sofa, ananunua muonekano. Picha zikishapanda mtandaoni, alichokitaka amekipata, na wewe unabaki kuwa mtu anayempigia simu. Meseji fupi inatosha, na haina utovu wa adabu:

"Salaam Bwana, habari za kazi. B4 iko tayari. Baki ni 30,000. Mpiga picha anakuja kesho saa nne, naomba malipo yaingie kwenye till kabla ya hapo ndipo nimfungulie. Shukran."

Angalia kwamba meseji ina nyumba, kiasi, saa na mahali pa kulipa. Kinachomsumbua mpambaji mara nyingi ni jibu la "kesho, inshallah". Neno ni jema na hatulipingi, ila halina tarehe. Jibu kwa upole, "Inshallah, basi tuandike Alhamisi saa sita?" Akikubali, umepata tarehe ambayo mwenyewe ameitaja kwa maandishi.

Kabla ya yote hayo, jua nani analipa. Mara nyingi kuna dalali katikati, na mwenye nyumba yuko Dubai au Uingereza. Dalali atakuonyesha nyumba, atachagua rangi, atakuharakisha, halafu siku ya malipo atasema bado anamsubiri bosi. Omba kuongea na mwenye nyumba mara moja tu, hata kwa WhatsApp, athibitishe bei na tarehe. Pesa ikitoka nje kupitia benki inaweza kuchukua siku kadhaa, kwa hiyo mwambie aitume mapema. Na kazi ikiwa kubwa, kumbuka kwamba kwa sasa mtu hawezi kutuma zaidi ya shilingi 250,000 kwa muamala mmoja wa simu. Mteja wa fleti tatu anayedaiwa 400,000 agawanye mara mbili. Mwambieni mapema, ili "pesa imegoma" isiwe sababu.

Sasa njia ya kupokea. Namba yako binafsi inafanya kazi, lakini pesa ya kazi inachanganyika na ya chama, ya unga na ile aliyotuma shemeji. Till inatenganisha. Ukiwa na nyumba nyingi kwa wakati mmoja, paybill ni bora zaidi, kwa sababu mteja hulazimika kujaza namba ya akaunti: mwambie aandike namba ya nyumba, B4 au C11, nawe utajua nani amelipa bila kukisia majina. Na tafadhali usipakie gari kwa sababu ya screenshot. Picha ya meseji hutengenezwa kwa dakika mbili, na meseji ya uongo huweza kutoka kwenye namba ya kawaida ya mtu. Angalia salio lako mwenyewe. Likiwa halijaongezeka, pesa haijaingia, hata mteja aape vipi.

Wateja wa kampuni wana sababu yao ya kuchelewesha, na mara nyingine ni ya kweli: hawana invoisi ya eTIMS. Tangu Januari 2024, KRA kwa jumla haikubali gharama ya biashara isiyo na invoisi hiyo, kwa hiyo mhasibu wao ataiweka karatasi yako pembeni. Jisajili mapema, hata kwa simu ya kawaida unaweza kupitia *222#.

Msimu nao una nguvu yake. Novemba kila mwenye nyumba Nyali na Bamburi anataka nyumba iwe tayari kwa wageni wa Desemba, na hapo wewe ndiye unayetafutwa. Panga tarehe zote za malipo ziishe kabla ya Krismasi. Deni linalovuka hadi Januari hukutana na karo za shule, na karo hushinda.

Na akikataa kabisa? Ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, na Mombasa tunayo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, sheria inataka uamuzi utoke ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Beba invoisi, meseji za WhatsApp zenye tarehe, picha za nyumba kabla na baada, na statement ya till yako inayoonyesha arbuni iliingia na baki haikuingia. Statement hiyo unaweza kuiomba kwa simu ikaja kwenye barua pepe. Chagua tarehe zinazoanzia siku ya arbuni.