Haraka ya Kutafakari

Sisi wa lugha, tukisoma hukumu, hukwama kwenye maneno madogo. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataza kutenga watoto shuleni kwa rangi. Mwaka 1955 ikaagiza wachanganywe kwa haraka, lakini haraka yenye kutafakari. Mimi naona udhaifu uko hapo: wapinzani walishika kutafakari, haraka wakaiacha. Huko Prince Edward, Virginia, viongozi walifunga shule zote za serikali mwaka 1959. Watoto Wazungu walifunguliwa shule ya binafsi. Weusi wengi walibaki bila darasa. Mwaka 1964 jaji Hugo Black aliandika kwamba kutafakari kumezidi, haraka haikutosha. Shule za serikali zikafunguliwa tena. Aliyefungiwa mlango akiwa na miaka 7 alikuwa na 12.