Kuzika au Kuchoma? Swali Alilonipa Babu

Mpenzi msomaji, usishtuke kukutana na habari za makaburi katika jarida la chama chetu. Najua ulitarajia vitendawili na mashairi. Lakini likizo ya Agosti iliyopita Babu aliniita chini ya mparachichi, akaniambia nilete kalamu na karatasi, kisha akasema, "Mjukuu wangu, andika. Nikifa, nichomwe."

Nusura kalamu inianguke. Sisi ni watu wa Vihiga. Kwetu mtu mzima huzikwa nyumbani kwake, na hata aliyefia Mombasa husafirishwa usiku kucha ndani ya jeneza juu ya gari, watu wakiimba. Kuchoma maiti? Ati hayo ni mambo ya Wahindi! Lakini Babu alifanya kazi ya reli miaka mingi na alikuwa na rafiki Mhindu, fundi mwenzake. Rafiki huyo alipofariki, Babu alimsindikiza hadi Kariokor, Nairobi, akaona kila kitu kwa macho yake.

"Shamba hili ni robo ekari," akaniambia. "Baba yangu yuko pale. Mama yuko pale. Nyanya yako yuko karibu na jiko. Mkiniweka na mimi, mtapanda mahindi juu ya kichwa cha nani?"

Shule zilipofunguliwa nikaanza kuuliza na kusoma, maana kuuliza si ujinga. Kwanza nilitaka kujua maiti huchomwaje. Wengi wetu hudhani mtu hugeuka jivu jepesi kama la kuni. Sivyo. Katika tanuri la kisasa joto hufika nyuzi 800 hadi 1,000 hivi, na mwili wa mtu mzima huchukua kama saa moja na nusu au mbili. Kinachobaki hasa ni vipande vya mifupa, navyo husagwa vikawa unga wa kilo mbili au tatu. Ikiwa marehemu aliwekewa kile kidude cha kusaidia moyo kupiga, hutolewa kwanza kwa sababu betri yake hulipuka motoni. Wahindu wengi hutumia kuni, na hapo kazi huchukua muda mrefu zaidi. Kwa hivyo anayesema kuchoma hakuharibu mazingira asisahau kuni, mafuta na moshi.

Upande wa dini, mwalimu wetu, ambaye ni Mwislamu, alinijibu bila kusita: kuchoma maiti ni haramu. Maiti huoshwa, hukafiniwa kwa sanda, huswaliwa na kuzikwa upesi iwezekanavyo. Jeneza la bei ghali halihitajiki, wala maiti haikai mochari wiki mbili ikingoja michango. Nikawaza kwamba gharama zinazotutesa sisi bara hazitokani na kaburi lenyewe. Zinatokana na mahema, ng'ombe wa kuchinja na magari ya kukodi.

Kanisa Katoliki liliruhusu kuchoma maiti mwaka 1963, ingawa hupendelea kuzika. Mwaka 2016 likakumbusha kwamba majivu yawekwe mahali patakatifu, yasitawanywe wala kuwekwa nyumbani. Kwa Waanglikana wa Kenya, Askofu Mkuu mstaafu Manasses Kuria alichomwa mwaka 2005, baada ya mkewe kutangulia kwa njia hiyo hiyo. Wakati huo watu walinong'ona sana. Baadaye, mwaka 2011, Profesa Wangari Maathai alichomwa pale Kariokor. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, hivyo jeneza lake lilitengenezwa kwa magugumaji, mafunjo na mianzi. Kenneth Matiba akafuata mwaka 2018.

Kuna jambo jingine lililonishangaza. Tunasema kuzika ndiyo mila ya Mwafrika, lakini zamani Wakikuyu hawakuzika kila mtu. Maiti nyingi zilipelekwa porini zikaliwa na fisi, na waliozikwa walikuwa hasa wazee wenye heshima na mali. Kumbe mila nayo hubadilika!

Sasa tuje nyumbani, maana hapo ndipo penye moto. Baba mkubwa alipopata habari alikataa katakata. Nilidhani anaogopa mizimu tu, lakini ana hoja. Kwetu kaburi ni ushahidi. Watu wakigombania shamba, wazee huulizana, "Nani amezikwa hapa?" Na mtu wa kununua akiona makaburi, hurudi alikotoka. "Mzee akichomwa," Baba mkubwa alisema, "watoto wataliuza hili shamba kabla majivu hayajapoa." Shangazi naye akaongeza kwamba maiti iliyochomwa haifukuliwi. Kukiwa na shaka juu ya kifo, ushahidi umekwisha. Hapo hata mimi nilinyamaza.

Je, karatasi ya Babu ina nguvu? Kiasi tu. Mahakama zetu huyazingatia matakwa ya marehemu, lakini hazifungwi nayo. Mfano mkubwa ni wa wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 20, 1986. Mkewe, Wambui, alitaka kumzika Matasia, karibu na Ngong, na akasema ndivyo mumewe alivyotaka. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilivutana huku maiti iko mochari, na hatimaye ukoo ukashinda. Alizikwa Nyalgunga Mei 23, 1987, zaidi ya miezi mitano tangu afariki. Ndiyo maana nilimwambia Babu kwamba karatasi peke yake haitoshi, aseme na wanawe wakiwa wote.

Muhula uliopita sisi maskauti tulikwenda Nyeri kuona kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki huko mwaka 1941. Mkewe, Olave, alifariki Uingereza mwaka 1977. Alichomwa, na majivu yake yakaletwa Nyeri yakazikwa na mumewe. Kwa hiyo alichomwa na akazikwa pia! Juu ya jiwe pamechorwa duara lenye nukta katikati. Kwa maskauti alama hiyo ina maana ya "nimekwenda nyumbani."

Wikendi ya kufunga nusu muhula nilimweleza Babu habari hiyo. Akaniuliza shimo la majivu lina ukubwa gani. Nikamwambia ni dogo kuliko la kupandia mgomba. Akatazama upande wa jiko, akacheka kidogo.

"Basi pale kando ya nyanya yako patatosha. Na kaburi litakuwepo, huyo mwanangu aache kelele. Ongeza hapo kwenye karatasi."

Nikaongeza, naye akatia kidole. Karatasi imo katika sanduku lake la bati. Baba mkubwa anajua ilipo, ila hajaomba kuisoma.