Viungo Vilivyokatika katika Miongozo ya Programu za Kompyuta

Kiungo ni maandishi au picha ambayo, ikibofywa katika ukurasa wa intaneti, humpeleka msomaji kwenye ukurasa mwingine, nacho husemwa kuwa kimekatika pale anwani iliyomo ndani yake inapoelekeza mahali ambapo ukurasa uliokusudiwa haupo tena. Hapo seva, yaani kompyuta inayohifadhi kurasa na kuzitoa kwa wanaoziomba, hujibu kwa namba 404, yenye maana kwamba kilichoombwa hakikupatikana. Jibu hilo huudhi popote, lakini huumiza zaidi katika miongozo ya programu za kompyuta, kwa kuwa anayefungua mwongozo tayari amekwama kazini na kiungo hicho ndicho alichoahidiwa kuwa kitamkwamua.

Chanzo cha tatizo kimo katika muundo wenyewe wa wavuti. Mfumo huo, uliopendekezwa na Tim Berners-Lee mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, hutumia viungo vya upande mmoja: ukurasa unaoelekeza huijua anwani ya ule unaoelekezwa, lakini wa pili haujui ni nani wanaoutegemea. Kwa sababu hiyo kila mtu aliweza kuunganisha kurasa bila kuomba ruhusa, na wavuti ikakua kwa kasi, ila mwenye ukurasa anapoufuta au kuuhamisha, wanaoutegemea hawapati taarifa. Taasisi ya utafiti ya Pew ya Marekani ilieleza mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka 10 baadaye.

Programu zina ugumu wake wa pekee. Katika miaka ya 1990 mafaili ya msaada kwa kawaida yaliwekwa katika diski moja na programu yenyewe, hivyo toleo na maelezo yake vilizeeka pamoja. Siku hizi kitufe cha msaada mara nyingi humtuma mtumiaji kwenye tovuti ya mtengenezaji, kwa anwani iliyoandikwa ndani ya programu tangu siku ilipotolewa. Programu hiyo inaweza kukaa katika kompyuta ya shule au ofisi kwa miaka mingi bila kubadilika, ilhali huko nje tovuti hupangwa upya, kampuni huuzwa, bidhaa hupewa majina mapya na miongozo ya matoleo ya zamani hufutwa. Wanaoumia ni wenye matoleo ya zamani, ambao ni wengi kule kompyuta inakotumika mpaka ichoke kabisa, na kwa mtumiaji wa Tanzania au Kenya anayenunua intaneti kwa vifurushi, hata safari isiyo na jibu hula bando.

Liko kosa baya kuliko 404. Baadhi ya tovuti huelekeza kila anwani ya zamani kwenye ukurasa wa mbele, na msomaji, asiyeambiwa kwamba alichokitafuta kimeondolewa, huendelea kuzunguka humo akidhani hajui kutafuta. Namba 404 angalau husema kweli.

Kuwalaumu wenye tovuti kwa viungo vilivyokatika ni haki, kwa sababu dawa inajulikana na ni rahisi. Seva inaweza kujibu kwa namba 301, inayotangaza kwamba ukurasa umehama moja kwa moja na kumfikisha msomaji kwenye anwani mpya, kama anayehama nyumba anavyowaachia majirani maelekezo ya anakokwenda. Microsoft ilipohamishia miongozo yake kwenye tovuti nyingine mwaka 2022, iliziunganisha anwani za zamani na mpya kwa njia ya namna hii. Berners-Lee naye aliwahimiza wenye tovuti mwaka 1998 wasitie katika anwani mambo yanayopita, kama jina la mwandishi au aina ya faili.

Kwa aliyekwama leo, kimbilio ni Internet Archive, maktaba ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1996, ambayo tangu 2001 huonyesha umma nakala za kurasa za zamani kupitia huduma ya Wayback Machine. Mtumiaji huandika humo anwani iliyokatika, kisha huchagua tarehe iliyo karibu na mwaka wa toleo lake. Si kila ukurasa umehifadhiwa, na miongozo inayohitaji nywila kwa kawaida haimo. Kwa hiyo ofisi inayonunua programu hufanya vyema kupakua mwongozo mzima siku ile ile ya kuisakinisha, na kuuweka katika folda moja na programu hiyo.