Eduroam: jina la waifai peke yake halitoshi

Mwanafunzi wa Bukavu ao Beni akifika Makerere, Kampala, anafurahi kuacha kununua mega kila siku. Pale kuna eduroam, mtandao wa vyuo ambao Mholanzi Klaas Wierenga alitoa wazo lake mwaka 2002. Anaingia kwa anwani na neno la siri la chuo chake, na akitembelea chuo cha inchi ingine kilicho ndani ya mfumo huo, simu inajiunga yenyewe. Chuo mwenyeji hakioni neno hilo. Kinauliza tu chuo chake kama anajulikana.

Shida iko kwenye hatua ambayo wengi wanairuka. Simu inapouliza cheti cha mtandao, mwenye haraka anachagua kutohakiki. Hapo mwizi anaweza kuketi kantini na mashine ndogo, kuiita eduroam, na kunasa neno la siri, mara nyingi lile lile linalofungua imeili na matokeo ya mitihani.

Kama chuo kimeiandaa, programu ya geteduroam inaweka cheti yenyewe. Kisha futa waifai ya zamani iliyo wazi, la sivyo simu itairudia bila kukuambia.