Kibarua na Kima cha Chini cha Mshahara

Fungueni madaftari. Neno letu leo ni KI-BA-RU-A. Lisomeni polepole. Ndani yake mnaona neno "barua". Kibarua kilikuwa barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtu wa kazi ya siku. Kisha mtu mwenyewe akaitwa kwa jina la cheti chake. Lakini vibarua wengi wa Kariakoo leo hawana karatasi yo yote!

Sasa, kwa nini ujira wao ni mdogo? Lori la viazi limefika sokoni alfajiri. Kazi ni ya watu wanne, wanaoitaka ni kumi. Mwenye mali hutaja fedha kidogo, kwa maana anajua kwamba mmoja akikataa, mwingine atakubali.

Watu wakiungana, mambo hubadilika. Septemba 1947 wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na ujira wao ukapandishwa. Serikali nayo yaweza kuweka kima cha chini, yaani mshahara ambao mwajiri haruhusiwi kulipa pungufu yake. Mwaka 1963 kima hicho hapa Dar es Salaam kilikuwa shilingi 150 kwa mwezi. Waliobaki kazini walinufaika sana. Lakini waajiri wengine, hasa wa mashamba ya mkonge, walipunguza watu. Naona sheria ile ilikuwa ya haki. Ila haikumsaidia aliyebaki nje ya lango.

Leo kima cha chini huandikwa kwa mwezi, kwa siku na hata kwa saa. Basi anayelipwa kwa siku naye anacho chake, mradi ana mwajiri. Hapo ndipo penye ugumu: hamali anayembebea huyu asubuhi na yule mchana, mwajiri wake ni nani?

Lakini kama unafanya kazi katika duka au ghala moja, omba maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe. Mkigombana mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, naye hana maandishi ya kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi ni wake, si wako.

Nawe weka hesabu yako. Nakilini, mkijaza nafasi zilizo wazi:

Leo ni tarehe ____. Nimeshusha magunia ____. Nimeanza saa ____, nimemaliza saa ____. Nimelipwa shilingi ____.